Habari ya Mbegu ya Pamba

Msomaji mpenzi, ukiondoka Kitui mjini ukaishika njia ya kusini iendayo Mutomo na Ikutha, hata ukafika Kibwezi katika Makueni, utapita katika nchi kavu yenye mibuyu na migunga, nchi ambayo mvua zake hazitegemewi sana. Hapa na pale, kando ya mtama na mbaazi, utaona vishamba vya pamba. Mkulima huipanda mvua za vuli zinapoanza, nayo hustahimili ukame ambao mahindi hayauwezi. Kiangazi kikikolea, matumba hupasuka, na shamba lote huwa jeupe kana kwamba limemwagiwa unga.

Wengi wetu tukiitazama pamba hufikiri habari ya nyuzi zake tu, kwa kuwa nyuzi ndizo zitupatiazo shati, shuka na kanga. Lakini ukilichukua tumba moja na kulichambua kwa vidole vyako, utakuta kati ya nyuzi mbegu ngumu, ndogo kama punje ya mbaazi, iliyovikwa manyoya mafupi. Tena mbegu hizo ni nzito kuliko nyuzi: katika kila kilo tatu za pamba itokayo shambani, yapata kilo mbili ni mbegu. Basi katika insha hii nataka kukusimulia habari ya mbegu hiyo. Ni mbegu itoayo mafuta ya kupikia na chakula cha ng'ombe. Lakini pia ni mbegu iliyopata kukomesha uzazi katika vijiji vya mbali, ikawatia madaktari tumaini kubwa, ikajaribiwa katika miili ya wanaume wa mataifa manne, Wakenya wakiwamo, na mwishowe ikawekwa kando. Usidhani ya kuwa hii si historia. Historia si vita na watawala peke yake. Hata punje ndogo ina historia yake, na mara nyingine historia hiyo hutufundisha mengi kuliko ya wafalme.

Kwanza yafaa tukumbuke jinsi pamba ilivyoenea katika nchi zetu. Mwanzoni mwa karne ya 20 viwanda vya nguo vya Uingereza vilitegemea mno pamba ya Marekani, na wenye viwanda wakaogopa kwamba siku moja itakosekana. Mwaka 1902 wakaunda chama cha kuhimiza kilimo cha pamba katika makoloni. Mwaka 1903 mbegu zikaletwa Uganda na kugawiwa wakulima, na si muda mrefu pamba ikawa mali kubwa ya nchi ile. Upande wa Tanganyika Wajerumani walitumia nguvu. Watu walilazimishwa kufanya kazi katika mashamba ya pamba kwa ujira usiotosha, hata mwezi wa Julai 1905 Wamatumbi wa Nandete wakaing'oa miche ya pamba kwa mikono yao, na hiyo ndiyo ishara iliyoanzisha Vita vya Maji Maji. Tazama, basi: tangu mwanzo watu wetu walipewa mbegu hii bila kuulizwa kama wanaitaka. Lishike neno hilo, kwa maana tutalirudia.

Katika Kenya pamba ilienea Nyanza, Pwani, na baadaye katika nchi kavu ya Ukambani. Baada ya uhuru wa 1963 vyama vya ushirika vilikusanya pamba ya wakulima na kuipeleka viwandani kuchambuliwa. Mimi nilizaliwa wakati kilimo hicho kilipokuwa kimeanza kudhoofika, maana soko lilipofunguliwa mwaka 1991 wanunuzi wa zamani walianguka, na wengi wakaiacha pamba. Lakini babu yangu hakuiacha. Nakumbuka akishona magunia kwa sindano kubwa na kuyapakia juu ya punda, kisha akirudi jioni na kipande cha karatasi badala ya fedha. Karatasi zile nyanya yangu alizihifadhi ndani ya kiondo, na nyingine hazikulipwa kamwe.

Nyanya yangu hakupata kwenda shule, lakini alikuwa mwangalifu sana wa mambo. Mbegu zilizobaki aliwapa ng'ombe na mbuzi, nao walinenepa. Kuku aliwafukuza zisiwaguse. Alikuwa akisema ya kuwa kuku akila mbegu za pamba kiini cha yai lake hugeuka rangi likiwekwa siku nyingi, kikawa cha kijani kama jani lililooza. Sisi watoto tulicheka, tukidhani ni itikadi za kale. Miaka mingi baadaye, nilipokuwa katika chuo cha ualimu, nilisoma katika kitabu cha ufugaji maneno yale yale, nikaona haya. Mwanamke yule alikuwa ameona kwa macho yake jambo ambalo wataalamu walilithibitisha kwa mizani na darubini.

Sababu ya jambo hilo ni hii. Ukiipasua mbegu ya pamba kwa kisu kikali utaona ndani yake vidoa vyeusi vingi, vidogo kama ncha ya sindano. Vidoa hivyo ni vifuko vyenye rangi ya manjano ambayo mkemia wa Kipolandi, Marchlewski, aliitenga mwaka 1899 na kuipa jina la gosipoli, kutokana na jina la Kilatini la mpamba. Gosipoli ni silaha ya mmea. Mpamba hauna miguu ya kukimbia wala mikono ya kujipigania, kwa hiyo hujikinga kwa sumu ili wadudu wasiule. Ng'ombe na mbuzi waliokwisha kukua huistahimili, kwa kuwa katika tumbo lao la kwanza gosipoli nyingi hushikwa isiingie katika damu. Ndama wachanga, nguruwe na kuku hawana kinga hiyo. Na binadamu, msomaji wangu, tumbo lake si kama la ng'ombe.

Sasa tuvuke bahari twende China. Katika mkoa wa Jiangsu kilikuwako kijiji kilichoitwa Wang. Watu wake walikuwa wakipikia mafuta ya soya. Kisha, kwa sababu ya taabu za miaka ile ya 1930, wakageukia mafuta ya mbegu za pamba waliyoyakamua wenyewe bila kuyasafisha. Muda wa yapata miaka kumi hakuzaliwa mtoto kijijini. Mwaka 1957 daktari mmoja, Liu Baoshan, aliandika habari hizo katika jarida la utabibu la Shanghai, akatoa shauri kwamba huenda mafuta hayo yangeweza kutumiwa kuzuia uzazi.

Wakati huo huo, katika sehemu nyingine za China zilimazo pamba, watu waliacha desturi ya kuzipika mbegu kabla ya kuzikamua. Wazee wao hawakujua gosipoli ni nini, lakini moto wao uliifunga sumu ile isidhuru. Kizazi kipya kikataka njia nyepesi, kikakamua mbegu mbichi. Matokeo yake watu waliokuwa wakifanya kazi juani walijiona wakiungua usoni, wakachoka pasipo sababu; wanawake wengine wakakoma kuona siku zao, na nyumba nyingi zikakosa watoto. Mafuta hayo yalipoachwa, wanawake wengi walirudia hali yao ya kwanza. Lakini baadhi ya waume hawakurudia.

Ngoja kidogo hapa, tuitazame nchi yetu. Katika vijiji vyetu nyumba ikikosa mtoto, kidole huelekezwa kwa mke kwanza. Kwetu Ukambani mtoto hupewa jina la babu au nyanya yake, na mtu asiyeacha mtoto huonekana kama amelizika jina la wazee wake pamoja naye. Ndiyo maana mila iliruhusu hata mwanamke asiye na mtoto kumwolea nyumba yake mwanamke mwingine, aitwaye iweto, ili nyumba isifungwe. Ni wanawake wangapi waliosemwa, wakafukuzwa, wakalia peke yao, hali upungufu haukuwa wao? Mafuta ya pamba yalidhihirisha wazi kwamba utasa waweza kutoka kwa mume kadiri uwezavyo kutoka kwa mke. Hilo peke yake ni fundisho la kutosha insha nzima.

Yafaa sasa tuingie ndani ya mwili tuone jambo lenyewe linavyotendeka. Wala usione haya kulisoma. Elimu ya mwili wako si tusi. Katika kila korodani mna mirija myembamba mno iliyojikunja, ambayo kama ingenyoshwa yote ingekuwa na urefu wa mamia ya mita. Katika kuta za mirija hiyo ndimo zinamotengenezwa mbegu za kiume. Kwanza kuna seli mama, zikaazo pembeni mwa ukuta, ambazo hugawanyika daima. Baadhi ya seli zitokazo kwao hukua, hujiandaa kwa muda mrefu, kisha hugawanyika mara mbili kwa namna ya pekee, hata kromosomu zao 46 zikawa 23. Seli changa zitokazo hapo bado ni za mviringo wala hazina mkia. Ndipo huanza kugeuzwa umbo: kiini hukazwa kikawa kichwa, mkia huota, na penye kiuno, kati ya kichwa na mkia, mitokondria hujipanga kwa kuzunguka kama uzi uliozungushwa kigingini. Mitokondria ndiyo mitambo ya seli itoayo nguvu. Bila hiyo mkia hauwezi kupiga. Kazi yote hiyo, tangu seli mama hata mbegu yenye mkia, huchukua zaidi ya miezi miwili. Na kati ya seli hizo zinazokua zimesimama seli nyingine ndefu, ambazo twaweza kuziita seli walezi, maana kazi yao ni kuzilisha na kuzikinga zile changa.

Gosipoli ikiingia katika damu hufika huko. Wachunguzi walipotazama kwa darubini zenye nguvu waliona ya kuwa haiziharibu seli zote sawasawa. Zilizoumia upesi ni zile zilizokaribia kukamilika: mitokondria za kiunoni zilivimba na kupasuka, mikia ikajikunja au ikakatika, na mbegu zikawa hazina nguvu ya kuogelea. Kisha madhara yakarudi nyuma, yakazifikia seli changa za mviringo na zile zinazojiandaa kugawanyika. Hizo zikafa na kumwagika ndani ya mrija kabla ya wakati wake. Tena gosipoli huzuia kazi ya kimeng'enya kimoja kipatikanacho katika seli za uzazi za kiume, ambacho huzisaidia kupata nguvu kutokana na sukari. Ni kama kumnyima mpiga makasia chakula, na papo hapo kulivunja kasia lake.

Lakini seli mama, zile za pembeni, kwa kawaida zilisalimika. Kadhalika homoni ya kiume haikupungua kwa kipimo walichopewa watu, kwa hiyo sauti, ndevu na tamaa ya mwanamume zilibaki kama zilivyokuwa. Utaona, basi, kwa nini madaktari walifurahi. Hapa palikuwa na dawa itokayo katika mmea ulimwao kila mahali, rahisi kupatikana, ambayo ilielekea kuizuia mbegu pasipo kumbadilisha mtu, na seli mama zimebaki tayari kuanza kazi upya dawa itakapoachwa. Ndivyo walivyotumaini.

Tangu mwaka 1972 Wachina waliijaribu gosipoli kwa wanaume, na jumla yao ilipita 8,000. Mwanamume alikula miligramu 20 kila siku kwa muda wa miezi miwili na zaidi, kisha akapunguziwa. Sasa unajua kwa nini haikuwa dawa ya siku moja: ilibidi kungoja hata zile mbegu zilizokwisha kutengenezwa ziishe. Taarifa ya majaribio hayo ilipotolewa kwa ulimwengu mwaka 1978, wataalamu wa kila nchi walistaajabu, kwa kuwa dawa ilifaulu kwa zaidi ya 99 katika kila mia.

Kisha zikaja habari za upande wa pili. Wanaume wachache, wasiofika mmoja katika mia, walipungukiwa na potasiamu katika damu. Potasiamu ni madini yanayohitajiwa na misuli na neva, na yakipungua mno viungo hulegea. Wengine waliamka asubuhi wasiweze kuinua miguu yao. Hilo liliweza kutibiwa. Jambo la pili lilikuwa zito zaidi. Dawa ilipokomeshwa, wengi walirudiwa na uwezo wa kuzaa baada ya miezi kadhaa, lakini yapata mmoja katika kila kumi hakurudiwa. Kwake yeye hata seli mama zilikuwa zimeumia, na mirija yake ikabaki mitupu. Alikuwa amekubali kuufunga mlango kwa muda, akakuta ufunguo umevunjika ndani ya kufuli. Mwaka 1986 China iliacha majaribio hayo.

Hata hivyo tumaini halikufa mara moja. Wengine walisema kwamba kosa lilikuwa ukubwa wa kipimo, na kwamba kipimo kikipunguzwa hatari nayo itapungua. Ndipo yakafanywa majaribio mapya katika Brazili, Nigeria, China na Kenya, ambayo matokeo yake yalitangazwa mwaka 2000. Wanaume 151 walishiriki. Walipewa miligramu 15 kwa siku kwa wiki 12 au 16, na 81 kati yao wakafikia hali iliyotakiwa. Baadaye waligawanywa makundi mawili, moja likapewa miligramu 7.5 na la pili miligramu 10 kwa siku, kwa wiki 40. Safari hii potasiamu haikushuka kupita kiasi, na hilo lilikuwa jema. Lakini walipopimwa katika mwaka uliofuata kuiacha dawa, katika kundi la kipimo kidogo wanaume 12 kati ya 19 ndio waliorudia hesabu ya mbegu iliyo ya kawaida, na katika kundi la pili 10 kati ya 24. Wanaume 8 hawakuwa na mbegu hata moja mwaka mzima baada ya kuiacha dawa.

Hata kabla ya matokeo hayo kutangazwa, mwaka 1998, wataalamu waliolishughulikia jambo hili katika Shirika la Afya Duniani walikuwa wamechapisha hoja zao wakieleza kwa nini gosipoli haifai kuwa dawa ya kupanga uzazi. Maji yakimwagika hayazoleki. Na dawa ya kupanga uzazi isiyoweza kumhakikishia mtu kwamba atazaa atakapotaka haistahili jina hilo.

Nakuomba sasa usizisome hesabu hizo kama hesabu za vikapu vya maembe. Nyuma ya kila moja yuko mtu. Labda alikwisha kupata watoto, wala hakutaka wengine; labda hakuwa nao wa kutosha; labda mtoto wake alikufa baadaye, akatamani kupata mwingine. Majina ya wanaume hao hayamo katika vitabu, lakini kila kijikaratasi kinachofungwa pamoja na dawa, chenye maonyo na vipimo, kimeandikwa kwa miili ya watu wa namna yao. Wanawake nao walitangulia kulipa gharama hiyo. Vidonge vya kupanga uzazi vya wanawake, ambavyo homoni zake zilitokana kwanza na kiazi kikuu cha mwituni cha Mexico, vilijaribiwa kwa wanawake maskini wa Puerto Rico tangu mwaka 1956, na wengi wao hawakuambiwa ya kuwa wanajaribiwa. Vilikubaliwa Marekani mwaka 1960. Mwaka 1964 madaktari wa ulimwengu walikutana mjini Helsinki wakaandika kanuni za kumlinda mtu anayejaribiwa dawa, na shina la kanuni hizo ni hili: aelezwe kwa lugha anayoielewa, kisha akubali au akatae kwa hiari yake.

Unakumbuka nilivyokuambia habari ya Nandete? Watu wale waliing'oa miche si kwa sababu pamba ni mbaya, bali kwa sababu hawakuulizwa. Ndivyo ilivyo katika shamba, ndivyo ilivyo katika hospitali. Kitu chema alicholazimishwa mtu huwa mzigo, na kitu cha hatari alichofichwa huwa dhuluma.

Nchi yetu ya Kenya ilianza mpango wa taifa wa uzazi wa majira mwaka 1967, kabla ya nchi nyingine zote za Afrika zilizo kusini mwa Sahara. Tangu wakati huo mzigo mkubwa wa mpango huo umebebwa na wanawake: wao ndio wamezao vidonge, wachomwao sindano, na wapatwao na madhara yakiwapo. Wanaume wana njia mbili tu za kutegemewa, yaani mpira na upasuaji mdogo wa kuifunga mirija. Kwa hiyo wachunguzi hawajaacha kutafuta. Mwaka 2021 wataalamu walitangaza ya kuwa kitu kingine kitokacho katika mmea wa Kichina kiliharibu umbo la mbegu za panya na nyani, na wanyama hao wakarudia kuzaa kilipoachwa. Panya na nyani si watu, na gosipoli imetufundisha kutoshangilia mapema. Lakini mwenye kutafuta hutumia hata kushindwa kwa mwenzake kama taa.

Huenda baada ya kusoma haya utaingiwa na hofu. Mwanafunzi wangu mmoja aliniuliza, kwa sauti ya chini, kama baba yake aliyelima pamba miaka mingi amedhurika. Nilimjibu kama ninavyokujibu wewe. Kuishika pamba na kuivuna hakumfanyi mtu kuwa tasa. Mafuta ya pamba yauzwayo baada ya kusafishwa kiwandani hayana hatari hiyo, kwa kuwa katika kusafishwa gosipoli huondolewa. Hatari ni kuzila mbegu mbichi, au kutumia siku nyingi mafuta yaliyokamuliwa nyumbani bila kusafishwa. Wala asitokee kijana wa kutafuna mbegu akidhani amepata dawa ya bure. Umekwisha kuona yaliyowapata watu waliopimiwa na madaktari, sembuse anayejipimia kwa kiganja.

Na mbegu yenyewe haijafika mwisho wa safari yake. Mwaka 2006 wataalamu wa chuo kikuu kimoja cha Texas walitangaza kwamba wameotesha mpamba ambao mbegu zake zina gosipoli kidogo sana, ingawa majani yake bado yana silaha ya kuwapinga wadudu. Mwaka 2018 serikali ya Marekani ikaruhusu upandwe, na mwaka 2019 mbegu zake zikaruhusiwa kuwa chakula cha watu. Fikiri maana yake kwa nchi kavu kama yetu, ambako mwaka wa njaa si hadithi: mmea ule ule utoao nguo ungeweza kutoa pia unga wenye kujenga mwili. Katika Kenya, tangu mwaka 2020, wakulima wamepewa aina nyingine mpya ya pamba, iliyotengenezwa kuwashinda viwavi. Juu ya pamba hizi mpya wako wanaozisifu na wako wanaozishuku. Mimi sikuamulii. Nakuomba tu uulize maswali yale yale: nani amepima, amepima kwa nani, ameona nini baada ya miaka mingapi, na mkulima ameelezwa nini kabla ya kupewa mbegu.

Siku utakapopita karibu na shamba la pamba, mwombe mwenye shamba mbegu moja. Uipasue katikati, uitazame vizuri kwenye mwanga. Vile vidoa vyeusi utakavyoviona ndivyo vilivyonyamazisha vilio vya watoto katika kijiji cha Wang, na ndivyo nyanya yangu alivyovijua kwa rangi ya yai. Ukiisha kutazama, nawa mikono yako, kisha urudi darasani uwaeleze wenzako ulichokiona.